Baiskeli ya umeme shambani: nunua msukumo, usinunue mwendo

 

Miezi hii swali ninaloulizwa sana na vijana wanaolima mboga, zabibu na alizeti hapa Dodoma si la mbegu wala la dawa. Ni hili: "Bwana shamba, nikifunga mota kubwa ya umeme kwenye baiskeli yangu ndogo, si nitaachana na bodaboda kabisa?" Wengine wameshaona video ya baiskeli ya gurudumu la inchi 20 ikikimbia kama pikipiki, wameshaulizia bei ya mota ya wati 3,000, na wako tayari kuuza magunia mawili matatu ili wainunue.

Jibu langu ni kwamba inawezekana, na kwa baadhi yenu inalipa vizuri. Ila wengi mnaulizia kitu kisicho sahihi. Mnaulizia mwendo, wakati mkulima anahitaji msukumo. Ukikosea hapo, hela ya msimu mzima inaishia kwenye chombo kinachokimbia kilomita 20 betri ikaisha, na breki zake haziwezi kukisimamisha. Kwa hiyo leo tupige hesabu pamoja, taratibu, kabla hujatoa hata shilingi.

Anza na njia yako, si na mota

Chukua daftari. Andika mambo manne kuhusu safari unayoifanya mara nyingi zaidi: umbali wa kwenda na kurudi, uzito wa mzigo, aina ya njia, na mara ngapi kwa wiki.

Uzito usiukisie. Pima kreti moja la nyanya lililojaa kwenye mizani, pima dumu la maji, pima mfuko wa mbolea. Kisha jumlisha kila kitu: wewe mwenyewe, baiskeli ikiwa na mota na betri, na mzigo. Katika hesabu za leo nitatumia kilo 150. Yaani dereva kilo 65, baiskeli pamoja na mota na betri kilo 35, na mzigo kilo 50.

Kuhusu njia, sisi wa uwanda wa kati tuna mambo yetu matatu. Kuna kichanga, hasa kwenye makorongo ambayo kiangazi ni mchanga mtupu. Kuna tope jeusi la mbugani kuanzia Desemba mvua zikikolea. Na kuna upepo wa kiangazi, ule wa Julai na Agosti unaokupiga kifuani njia nzima. Usiupuuze. Ukienda kilomita 20 kwa saa huku upepo wa kasi hiyo hiyo ukija mbele yako, hewa inakuzuia kwa nguvu mara nne ya siku isiyo na upepo.

Pita njia hiyo ukiwa na mzigo wa kawaida. Weka alama kila mahali unaposhuka na kusukuma. Mota unainunua kwa ajili ya sehemu hizo. Kule kwenye tambarare hata miguu yako inatosha.

Volti ni mwendo, ampea ni msukumo

Ukikumbuka sentensi moja tu katika makala hii, iwe hiyo ya juu.

Mota ya umeme huzunguka haraka zaidi volti zikiongezeka. Husukuma kwa nguvu zaidi ampea zikiongezeka. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Kwa hiyo mota mbili zinaweza kuandikwa wati zinazolingana, moja ikawa ya kukimbia na nyingine ya kuvuta. Anayekuuzia atakutajia wati tu, maana wati zinapendeza masikioni. Wewe muulize volti ngapi, kontrola inatoa ampea ngapi, na mota inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ya mzigo ni ile inayozunguka polepole.

Sasa tuone mkulima anahitaji nguvu kiasi gani. Kilo zetu 150 kwenye barabara ya vumbi iliyo tambarare, kwa kilomita 20 kwa saa, zinahitaji wati 280 hivi kutoka kwenye betri. Kwenye mwinuko wa kawaida, ule wa kupanda mita 5 kwa kila mita 100, ukienda kilomita 15 kwa saa, ni wati 580 hivi. Kwenye sehemu mbaya kuliko zote, kutoka korongoni kwenye kichanga, mwinuko wa mita 10 kwa mita 100, ukienda polepole kwa kilomita 10 kwa saa, unagusa wati 1,000 kwa dakika moja au mbili.

Umeona? Sehemu mbaya kabisa ya njia inataka wati 1,000, tena kwa muda mfupi. Betri ya volti 48 na kontrola ya ampea 22 zinakupa 1,056. Basi. Zile wati 3,000 na volti 72 unazolilia hazina kazi shambani isipokuwa kukimbia.

Na kukimbia kunakula betri. Tuchukue betri ya volti 48 yenye ampea-saa 15. Hiyo ni wati-saa 720. Ukitumia asilimia 80 tu ili isichoke mapema, una wati-saa 576 za kufanyia kazi. Kwa kilomita 20 kwa saa, kilomita moja inakula wati-saa 14 hivi, kwa hiyo unakwenda kama kilomita 40. Kwa kilomita 45 kwa saa, kilomita moja inakula wati-saa 28, kwa hiyo unakwenda kilomita 20. Betri ni ile ile, mzigo ni ule ule, ila umbali umekatika nusu. Na hapo sijaweka kichanga wala upepo. Kwa njia zetu, mimi huwa napanga wati-saa 18 hadi 20 kwa kilomita ili nisidanganyike.

Na pedeli usizing'oe. Mtu mwenye afya anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa saa nzima bila kuhema sana. Kwenye tambarare hiyo ni kama theluthi moja ya nguvu inayohitajika, na hulipii hata senti.

Kwa nini baiskeli ndogo si wazo baya

Vijana wengi wanachekwa kwa kutaka kufunga mota kwenye baiskeli ndogo ya inchi 20 badala ya Phoenix ya inchi 28. Kwa upande wa kuvuta, wako sahihi.

Mota iliyo katikati ya gurudumu ina mkono wa kusukumia, na mkono huo ni umbali kutoka ekseli hadi ardhini. Gurudumu likiwa dogo, mkono unakuwa mfupi, na nguvu inayofika chini inakuwa kubwa zaidi. Kule korongoni, gurudumu la inchi 20 linadai mota itoe nyutoni-mita 59 hivi. Gurudumu la inchi 28 linadai 83 kwa kazi hiyo hiyo. Mota inayohangaika na kupata moto kwenye Phoenix inaweza kupanda vizuri kwenye baiskeli ndogo. Na mwendo wa juu kabisa unapungua wenyewe, jambo ambalo kwetu ni faida.

Faida nyingine ni kwamba mzigo unakaa chini, kwa hiyo baiskeli haiyumbi sana. Hasara zipo pia: gurudumu dogo linazama kirahisi kwenye mchanga na linaingia kwenye kila shimo. Dawa yake ni tairi pana, inchi 2 au zaidi kama fremu inaruhusu, na upepo wa tairi usiwe mgumu kupita kiasi unapopita kichangani.

Lakini angalia fremu. Baiskeli ya kuchezea ya mtoto, ya bomba jembamba, haifai. Tafuta fremu ya chuma, nene, ambayo fundi wa kuchomelea anaweza kuongezea keria imara. Keria ya kufunga kwa boliti mbili ndogo haitabeba kilo 50 kwenye makorongo msimu mzima.

Mota ipi, na ifungwe wapi

Kuna mota za kwenye gurudumu na kuna za kufungwa pale pedeli zilipo. Hizi za pedeli zinatumia mnyororo na gia za baiskeli, kwa hiyo zinapanda milima vizuri sana. Ila baiskeli zetu nyingi hazina gia, na mnyororo wa kawaida utaisha haraka kwa vumbi na nguvu hiyo. Kwa matumizi yetu, mota ya gurudumu la nyuma ndiyo rahisi zaidi kutunza.

Kwa nini nyuma? Kwa sababu mzigo uko nyuma, na gurudumu lenye uzito ndilo linaloshika ardhi. Mota ya mbele kwenye kichanga inazunguka bure, na uma wa mbele haukutengenezwa kwa kuvutwa hivyo.

Za gurudumuni nazo ni mbili. Ya kwanza ina gia ndogo ndani yake. Ni nyepesi na ina msukumo mzuri ikienda polepole, ila gia hizo huweza kulika. Ya pili haina gia. Ni nzito na inadumu, ila ikienda polepole na mzigo inapata moto haraka. Mimi kwa mkulima wa kwetu ningechagua yenye gia, wati 750 hadi 1,000, inayozunguka polepole.

Kabla ya kununua, pima nafasi ya nyuma pale ekseli inapoingia kwenye fremu. Mota nyingi za nyuma zinataka milimita 135. Baiskeli nyingi za zamani zina nafasi ndogo kuliko hiyo. Fremu ya chuma inaweza kutanuliwa kidogo na fundi anayejua kazi yake. Ya alumini usiiguse, itapasuka.

Jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka ni kipande cha chuma cha kuzuia ekseli isizunguke. Mota inaposukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli yenyewe inataka kuzunguka kinyume. Nati peke yake haitoshi. Ikiachia, ekseli inazunguka, inakata nyaya zake, na gurudumu linachomoka ukiwa na mzigo. Kipande hicho cha chuma kinashika ekseli upande mmoja na kufungwa kwenye fremu upande mwingine. Weka pande zote mbili.

Hela yako kubwa iko kwenye betri

Mota nzuri inaweza kukaa miaka mingi. Betri ndiyo inayozeeka, na ndiyo ghali. Kwa hiyo hapa usiwe mbahili, na usiwe na haraka.

Zipo betri za lithiamu za aina mbili mtakazokutana nazo. Moja ni nyepesi, na ndiyo iliyo kwenye baiskeli nyingi za umeme. Hiyo ikitunzwa inakwenda mizunguko 500 hadi 1,000 ya kuchaji. Nyingine ni ya fosfeti, inaandikwa LFP au LiFePO4. Ni nzito kidogo na kubwa kidogo, lakini inapita mizunguko 2,000 na si rahisi kushika moto. Kwa jua la Dodoma na kwa chombo cha kazi, ukiipata ya fosfeti kwa bei unayoimudu, chukua hiyo.

Betri za asidi kama za sola ni rahisi kununua, lakini nne za volti 12 zinakuongezea uzito wa kreti zima, na ukizimaliza kabisa mara kwa mara zinakufa. Na zile pakiti zilizoungwa kwa seli za kompyuta za zamani, tafadhali ziache. Seli zenye umri tofauti ndani ya pakiti moja ni hatari, nyingine inachoka mapema na nyingine inalazimishwa.

Hakikisha mambo haya manne.

Moja, betri iwe na saketi ya ulinzi, ile inayoitwa BMS, na ampea zake ziwe zaidi ya zile za kontrola. Kontrola ya ampea 22, ulinzi wa ampea 30.

Mbili, weka fyuzi karibu kabisa na betri. Waya mkubwa wa umeme uwe mnene, na usisuguane na chuma cha fremu.

Tatu, chaja iwe ya betri hiyo hiyo. Betri ya "volti 48" ya aina nyepesi yenye seli 13 inajaa kwenye volti 54.6. Ya fosfeti yenye seli 16 inajaa kwenye 58.4. Zote zimeandikwa 48 kwa nje! Ukibadilisha chaja, ile nyepesi inaweza kuharibika au kuwaka.

Nne, usichaji ndani ya chumba unacholala. Betri ikiwa imepata moto kwa jua au kwa kazi, iache kivulini ipoe kwanza. Ikianza kuvimba au kutoa moshi, toka nje na wote waliomo, moshi wake ni sumu.

Breki, jamani, breki

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, maana tunazungumzia uhai.

Baiskeli ikiongezwa mwendo mara tatu, nguvu ya kuisimamisha haiongezeki mara tatu. Inaongezeka mara tisa. Ukienda kilomita 20 kwa saa na breki nzuri, tangu unapoona mbuzi amekatiza hadi unasimama, unahitaji mita 11 hivi. Ukienda 45, unahitaji karibu mita 39. Hiyo ni kwenye njia kavu na breki nzima. Kwenye kokoto, na breki za vijiti vya chuma zilizolika, hesabu hiyo inazidi sana.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Kama baiskeli yako haina breki madhubuti mbele na nyuma, usifunge mota. Breki ya diski mbele ndiyo bora, lakini uma uwe umetengenezwa kwa ajili yake. Usichomelee kishikio cha diski kwenye uma wa kawaida. Chukua vishikio vya breki vyenye swichi inayokata umeme unapovibana, ili mota isiendelee kusukuma wakati wewe unasimamisha. Kisha mwambie fundi aweke kikomo cha mwendo kwenye kontrola. Kontrola nyingi zina mpangilio huo. Kilomita 25 kwa saa zinatosha kabisa kufika sokoni kabla nyanya hazijalainika. Ulaya nako baiskeli za umeme za kawaida zinaishia hapo hapo, kilomita 25 kwa saa na mota ya wati 250.

Na kofia ngumu vaa, hata kama ni "baiskeli tu".

Kuchaji: umeme wa nyumbani au sola ya pampu

Kuijaza betri yetu ya wati-saa 720 kutoka sifuri kunakula kama uniti 0.85, ukihesabu na upotevu wa chaja. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO analipa sh. 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, au karibu sh. 360 ukijumlisha. Yaani kujaza ni kama sh. 300. Aliye kwenye kundi la wateja wadogo, wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, analipa pungufu zaidi. Ila angalia usije ukavuka hizo uniti 75 kwa sababu ya baiskeli.

Wale mnaomwagilia kwa pampu ya sola mna bahati nyingine. Paneli ya wati 200 kwa jua letu inaweza kukupa kama wati-saa 700 kwa siku baada ya upotevu. Hiyo inarudisha safari nzima ya kilomita 30 na zaidi. Paneli zako zinakaa bure siku usizomwagilia. Mtafute fundi umeme mwenye cheti akufungie chaja ya sola inayolingana na betri yako. Usiunganishe paneli moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu.

Sasa tuje kwenye hela

Bei zinabadilika, kwa hiyo mfano huu una namba za kukisia. Wewe weka zako.

Tuseme sokoni na kurudi ni kilomita 24. Bodaboda anakutoza sh. 6,000 kwa safari, na mzigo ni kilo 50. Tuseme mota, betri, kontrola, chaja, breki na kazi ya fundi vimefika sh. 1,200,000. Umeme wa safari moja ni sh. 200. Kwa tairi, pancha na matengenezo weka akiba ya sh. 1,000 kila safari. Kwa hiyo kila safari unaokoa sh. 4,800.

Mkulima wa kwanza analima mboga za umwagiliaji kiangazi tu. Anakwenda sokoni mara tatu kwa wiki kwa wiki 26. Hizo ni safari 78, anaokoa sh. 374,400 kwa mwaka. Atarudisha hela yake baada ya miaka mitatu na zaidi, wakati betri nayo imeanza kuchoka.

Mkulima wa pili anauza mayai na mchicha siku sita kwa wiki, mwaka mzima. Safari 300. Anaokoa sh. 1,440,000 kwa mwaka. Ndani ya miezi kumi chombo kimejilipa.

Mkulima wa tatu ana zabibu peke yake. Anavuna misimu miwili kwa mwaka, kila msimu siku chache, na mzigo wake ni wa tani. Huyo akodi gari. Baiskeli ya umeme haimfai hata ukiipatia mota ya ndege.

Kinacholipa ni idadi ya safari, na mota kubwa haiwezi kuongeza safari usizonazo. Halafu linganisha kwa kilo. Kama bodaboda anabeba kilo 100 kwa hiyo sh. 6,000 na wewe unabeba 50, basi safari zako ni mbili kwa moja yake, na akiba yako inapungua. Muda wako nao ni gharama. Saa mbili barabarani ni saa mbili ambazo hukupalilia.

Wenzetu walipitia wapi

Tusione kama tunagundua jambo jipya. Jinja, Uganda, shirika la FABIO limekuwa likifanya kazi na baiskeli za umeme za kubebea mizigo. Kampala, Bodawerk walijikita kwenye pakiti za betri za lithiamu na kubadili pikipiki za petroli kuwa za umeme. Nairobi, kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, sasa Roam, ilianza kwa kubadili magari kuwa ya umeme, kisha ikahamia kuunda pikipiki na mabasi yake. Mimi somo ninalolipata hapo ni kwamba kufunga mota ni hatua ya kwanza tu, na chombo kizima lazima kilingane nayo: fremu, breki, keria.

Mfano unaotufaa zaidi uko Zimbabwe. Mobility for Africa wanawapatia wanawake wa vijijini guta za umeme zinazoitwa Hamba. Wanazitumia kwa vikundi, na betri zinachajiwa kwenye vituo vya sola na kubadilishwa. Kwa hiyo chombo hakikai bure, na mtu mmoja habebi gharama ya betri peke yake.

Hilo linawezekana hapa. Yule mkulima wa kwanza wa safari 78, akiungana na wenzake watatu wenye siku tofauti za soko, chombo kinapata safari zaidi ya 300. Mkiwa kikundi kilichosajiliwa, mnaweza pia kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, vijana wametengewa asilimia 4. Andikeni mpango wenye hesabu kama hizi, si picha ya baiskeli inayokimbia.

Kabla hujatoa hela

Nenda kwanza ofisi ya usalama barabarani ya wilaya yako, ueleze chombo unachotaka kuunda, wati zake na mwendo wake, uulize kinahitaji nini. Baiskeli inayokwenda yenyewe bila kupigwa pedeli, tena kwa kasi ya pikipiki, usitegemee askari aichukulie kama baiskeli. Ukiibakiza yenye pedeli na mwendo mdogo, hata mazungumzo yanakuwa mepesi.

Halafu fanya jaribio la bure. Kwa wiki mbili andika kila safari unayoifanya: tarehe, kilomita, kilo, na hela uliyolipa. Gawanya safari hizo kwa mbili, zidisha kwa majuma unayouza kwa mwaka, na zidisha kwa akiba yako kwa kila safari. Ukiona gharama ya kubadili baiskeli inarudi ndani ya miezi 18, tafuta fundi, na unipitie ofisini tuiangalie fremu na breki pamoja. Ukiona ni zaidi ya hapo, hiyo hela itakulipa zaidi kwenye mbegu bora, mipira ya matone au mkataba wa mnunuzi, na bodaboda aendelee na kazi yake.

Kazi njema, na mvua zije kwa wakati.